Gemu letu limefichwa dukani: nani mwenye haki ya kuamua?

SWALI

Shikamoo wakili. Naandika kutoka Pasua, Moshi. Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza gemu la hadithi kuhusu mhudumu wa baa anayetafuta njia ya kumkimbia mwanaume anayempiga. Kuna sehemu moja anabakwa. Haionyeshwi, kioo kinakuwa cheusi na mchezaji anasoma maneno machache. Tuliliwekea alama ya 18+ kwa sababu tulitaka kuwa wakweli kwa wanunuzi. Lilikuwa linauzwa dola tatu kwenye duka moja la mtandaoni, na pesa ilikuwa inapitia kwa binamu yangu aliye Nairobi. Julai 2025 likatoweka kwenye utafutaji pamoja na maelfu ya magemu mengine ya watu wazima. Mjomba wangu, ambaye ni mwinjilisti, anasema afadhali, uchafu umesafishwa. Mwenzangu anasema uhuru wetu wa kujieleza umevunjwa, twende mahakamani. Nani yuko sahihi, na sisi tufanye nini?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mwenzako kwa sababu jibu lake ni fupi: kwa hoja ya uhuru wa kujieleza, hakuna mahakama hapa nchini itakayowarudishia gemu lenu kwenye duka hilo. Jibu la mjomba ni refu, na nitalifikia, maana ana hoja ambayo wengi wanaotetea magemu haya hawataki hata kuisikiliza. Kwanza ielewe safari yenyewe ya jambo hili. Watu wengi wanadhani kuna serikali iliyopiga marufuku, na haikuwa hivyo.

Mwezi Machi 2025 gemu moja liliwekwa Steam, duka kubwa kuliko yote la magemu ya kompyuta, linalomilikiwa na kampuni ya Marekani iitwayo Valve. Lilimweka mchezaji katika nafasi ya mwanaume anayewatishia na kuwabaka wanawake, wakiwemo wa familia yake mwenyewe. Collective Shout, kikundi cha wanaharakati wa Australia kinachopinga wanawake na wasichana kugeuzwa vyombo vya ngono, kilipaza sauti. Gemu likaacha kupatikana Uingereza, Kanada na Australia, na mwezi Aprili watengenezaji wakaliondoa wenyewe. Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kulalamikia. Lakini kikundi hicho kilisema kimekuta mamia mengine ya namna ile, na mwezi Julai kikaandika barua ya wazi. Angalia ilikopelekwa. Haikupelekwa bungeni wala kwenye bodi inayopanga madaraja ya magemu. Ilipelekwa kwa wakuu wa kampuni za malipo: Visa, Mastercard, PayPal na wenzao.

Katikati ya Julai, Steam ikaongeza kanuni mpya kwa watengenezaji: haitapokea maudhui yanayoweza kukiuka kanuni za wachakataji wa malipo (kampuni zinazopitisha pesa ya mnunuzi hadi dukani), mitandao ya kadi na benki, hasa aina fulani za maudhui ya watu wazima. Aina zipi, haikusema. Mamia ya magemu yakaondolewa. Tarehe 24 Julai, itch.io, duka dogo linalopendwa na watengenezaji wasio na kampuni kubwa nyuma yao, likatangaza kwamba limeficha kwenye utafutaji kila kitu kilichowekewa alama ya watu wazima, zaidi ya magemu 20,000, bila kuwaonya wenyewe kabla. Mwanzilishi wake, Leaf Corcoran, alieleza kwamba muda haukuwepo. Bila hatua ile, duka zima lilikuwa hatarini kukosa njia ya kupokea pesa. Wiki moja baadaye, magemu ya bure yakaanza kurudishwa. Hilo la magemu ya bure liweke akilini, lina kazi huko mbele.

Tarehe 1 Agosti, Mastercard ikatoa taarifa: haijakagua gemu lolote wala kudai duka lolote liweke vizuizi, inachotaka ni kadi zake zisitumike kununua vitu vilivyo kinyume cha sheria. Valve ikajibu kwamba ni kweli Mastercard haikuzungumza nayo moja kwa moja, ila wachakataji wa malipo na benki zao ndio waliokuja, wakiwa wameshika kanuni ya Mastercard namba 5.12.7. Kanuni hiyo inamkataza mfanyabiashara kupitisha malipo yaliyo haramu kisheria, na pia malipo ambayo, kwa uamuzi wa Mastercard yenyewe tu, yanaweza kuharibu jina lake.

Sasa tazama mnyororo ulivyo. Mnunuzi anatoa kadi. Kadi ina benki yake. Katikati kuna mtandao, Visa au Mastercard. Upande wa pili kuna benki ya muuzaji, na kati ya benki hiyo na duka kuna mchakataji. Mtandao unasema haukuzuia gemu. Benki inasema inafuata kanuni za mtandao. Mchakataji anasema anafuata benki. Duka linasema limelazimishwa na mchakataji. Ukifika mwisho wa mnyororo, gemu lako halipo na hakuna aliyeamua. Katika miaka yote niliyoshughulika na kesi za vyombo vya habari, sijaona njia rahisi kuliko hii ya kunyamazisha kazi ya mtu, kwa sababu hata barua ya kumpinga mwamuzi huna pa kuipeleka.

Wewe ni mtu wa Moshi, unalijua soko la Memorial. Mwenye kibanda akikataa kukuuzia mzigo wako, hiyo ni haki yake. Unahamia kibanda cha jirani. Manispaa ikikataza bidhaa fulani sokoni, lazima iwe na sheria ndogo iliyoandikwa, na ukiona umeonewa unaweza kwenda mahakamani. Lakini chukulia noti zote zinazotumika sokoni ni mali ya watu wawili, na watu hao wanasema noti zao zisinunue kitu kitakachowatia aibu, na aibu wataipima wenyewe. Hapo hakuna kibanda cha jirani cha kuhamia, na hakuna sheria ndogo ya kuipinga. Ndipo mlipo ninyi watatu.

Twende kwenye sheria, maana ndiyo kazi yangu.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Ibara ya 30 inaweka ukomo: haki hizo zisitumike kuvunja haki za wengine, na Bunge linaweza kutunga sheria za kulinda usalama, afya na maadili ya umma. Kwa kawaida wa kushtakiwa kwa kuvunja haki hizi ni dola na vyombo vyake. Kampuni ya Marekani inayokataa kupanga bidhaa yako kwenye rafu yake haiguswi. Hata huko kwao ni vivyo hivyo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilifuta sheria ya jimbo la California iliyozuia kuwauzia watoto magemu yenye ukatili, ikasema magemu yanabeba fikra kama vitabu na michezo ya kuigiza yanavyobeba, na yanastahili ulinzi uleule. Ni hukumu kubwa kwa watu wa fani yenu. Lakini inaifunga serikali ya California. Haiifungi Valve.

Kwenda kwenye mahakama za kikanda nako hakuwasaidii. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapahapa Arusha, njia ya Dodoma, eneo la TANAPA, lakini inashughulikia mataifa, na isitoshe mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kuipelekea mashauri moja kwa moja. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyo makao makuu ya Jumuiya hapahapa Arusha, nayo inawahukumu wanachama wa Jumuiya. Visa si mwanachama.

Hata hivyo kuna kitu kutoka majengo hayo mawili ambacho nataka mkichukue. Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua shauri la Baraza la Habari Tanzania na wenzake dhidi ya Serikali kuhusu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Iliona vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Majaji hawakutumia hisia zao kuhusu magazeti. Waliuliza maswali matatu ambayo sasa ndiyo kipimo cha kawaida cha uhuru wa kujieleza barani humu. Je, kizuizi kimeandikwa kwa maneno yaliyo wazi kiasi cha mtu kujua mapema kipi kinakatazwa? Je, kinalinda jambo halali na la lazima? Na je, kinakata pale tu panapohitajika, au kinafyeka shamba zima? Swali la tatu ndilo lililoiongoza pia Mahakama ya Afrika mwaka 2014, iliposema kumfunga mhariri wa Burkina Faso miezi 12 jela kwa kosa la kashfa kulizidi kipimo.

Visa na Mastercard hawalazimiki kuyajibu maswali haya. Mimi ninayatumia kwa sababu yanatusaidia kuona tatizo liko wapi hasa, badala ya kubishana kama gemu ni sanaa au ni uchafu.

Swali la kwanza: maneno yako wazi? Haramu kisheria, ndiyo, hilo lina maana, ingawa duka linalouza dunia nzima litauliza ni haramu kwa sheria ya nchi gani. Lakini malipo yanayoweza kuharibu jina la kampuni, kwa uamuzi wa kampuni yenyewe, ni maneno ambayo hakuna mwandishi anayeweza kuyatii mapema. Nyinyi mngejuaje? Mliandika kuhusu kipigo na ubakaji ili kuvilaani. Mtu mwingine aliandika ili kuvifanya burudani. Kanuni inataja vitu vya kuchukiza visivyo na thamani ya kisanaa, lakini anayeipima thamani hiyo ni Mastercard yenyewe. Aina hii ya uandishi wa sheria, majaji wa Arusha waliwahi kuirudisha kwa serikali ikaandikwe upya.

Swali la pili, lengo ni halali? Hapa ndipo namkaribisha mjomba wako, na naomba umsikilize kwa heshima anayostahili. Anaposema kuna uchafu, upo. Lile gemu la Machi lilifundisha mkono wa mchezaji kubofya ili mwanamke aumie, na likamzawadia kwa kufanya hivyo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16, wanawake 4 kati ya 10 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa, na asilimia 17 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Mwinjilisti anayezunguka majumbani anawajua wanawake hao kwa sura. Akiona mtu anauza ubakaji kama burudani, ana kila sababu ya kuchukia, na ana kila haki ya kulisema hilo madhabahuni, kuwaandikia wenye maduka na kuwahimiza watu wasinunue. Collective Shout nao, kufanya kampeni ni uhuru wao wa kujieleza, sawa kabisa na wa kwenu. Wanaowatukana na kuwatishia wanaharakati wale hawatetei uhuru wowote.

Nikubali na lingine. Kuna wakati shinikizo la kadi lilifanya jema ambalo sheria ilichelewa kulifanya. Desemba 2020, baada ya gazeti la New York Times kuandika kuhusu video za watoto na za watu waliorekodiwa bila ridhaa zilizokuwa Pornhub, tovuti ya video za ngono, Visa na Mastercard zilisitisha malipo, na tovuti ile ikaondoa mamilioni ya video ambazo wapakiaji wake hawakuthibitishwa. Silitetei lolote lililoondolewa siku zile. Ila tofauti moja ni kubwa: kwenye video zile kulikuwa na watu halisi walioumizwa, na kila aliyebofya aliwaumiza tena. Mhudumu wenu wa baa ni wa kubuni. Kitu kilichochorwa kinaweza kuwa kibaya, kinaweza hata kustahili kukatazwa, lakini kinahitaji mtu akitazame kwanza na kutoa sababu. Na pale palipo mtoto niwe wazi kabisa: picha za ngono za watoto hazina utetezi wa uhuru wa maoni popote. Ni jinai, kwetu ni kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na duka linaloziona linapaswa kuziondoa dakika ileile na kuita polisi.

Swali la tatu, la kipimo, ndipo hatua ya Julai inapoanguka. Kuficha magemu 20,000 kwa siku moja ili kuyapata yale machache mabaya ni kufyeka shamba. Ndani ya alama ile ya watu wazima kulikuwa na hadithi za watu walionusurika ukatili, hadithi za mapenzi ya watu wazima waliokubaliana, na kazi za vijana kama ninyi. Na walioumia zaidi ni wale walioweka alama kwa uaminifu. Mtengenezaji aliyeficha ukweli kuhusu gemu lake alibaki dukani. Hilo linanikera kuliko yote, kwa kuwa linawafundisha vijana kwamba kusema ukweli kwa mnunuzi ni kujitia kitanzi.

Mwenzako atauliza: kwa nini tujali, wakati yaliyoondolewa mengi ni ya ngono tu? Kwa sababu njia hii ikishafunguliwa haibagui inachopitisha. Desemba 2010, Visa, Mastercard na PayPal zilikata michango kwa WikiLeaks, tovuti iliyokuwa ikivujisha nyaraka za siri, na pale hapakuwa na ngono yoyote. Palikuwa na nyaraka za serikali. Na hapa kwetu, Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiwa, waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari alieleza kwamba unaruhusu maudhui ya ngono kinyume cha sheria zetu. Waliokosa X hawakuwa watazamaji wa ngono peke yao. Walikuwemo wanahabari, wafanyabiashara na wanasiasa wa pande zote. Neno ngono lina nguvu ya kufunga mjadala, kwani nani atasimama mbele ya watu aonekane anaitetea?

Mahakama zimewahi kuuona mlango huu wa nyuma na kuusemea. Mwaka 2015, mkuu wa polisi wa wilaya ya Cook, kule Chicago, aliwaandikia Visa na Mastercard akiwataka waache kupitisha malipo ya Backpage, tovuti ya matangazo iliyokuwa na matangazo ya ngono. Kadi zikakatwa mara moja. Mahakama ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Richard Posner, ikasema ofisa wa serikali haruhusiwi kutumia kampuni za kadi kufanya kile ambacho Katiba inamkataza kukifanya mwenyewe. Na tafadhali msisahau mwisho wa kisa: mwaka 2018 serikali ya Marekani iliikamata tovuti hiyo kwa mashtaka ya jinai, kwa hati na ushahidi. Kumbe njia halali ilikuwepo tangu mwanzo, ilikuwa inahitaji kazi tu.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Iceland. Kampuni iliyokuwa ikipitisha malipo ya Visa huko iliikatia huduma WikiLeaks, na Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaiamuru ifungue njia ndani ya siku 15 la sivyo ilipe faini kila siku. Kilichoshinda pale ni sheria ya mikataba: ulikubali kutoa huduma, huna sababu halali ya kuivunja. Kwa hiyo mtu akiniuliza dawa ni nini, sitasema tuipe kila gemu haki ya kuuzwa kila duka. Duka libaki na uchaguzi wake. Nitasema kampuni inayoshika njia ya malipo ya karibu dunia nzima ichukuliwe kama huduma ya umma: ikatae kilicho haramu kisheria, ioneshe kifungu, itoe notisi, na iwe na mahali pa kukata rufaa. Hapa kwetu Benki Kuu inasimamia mifumo ya malipo chini ya sheria ya 2015, na tuna Tume ya Ushindani. Hoja hii wabunge wetu wanaweza kuibeba bila kumtetea mtu yeyote anayeuza ubakaji.

Sasa mfanye nini. Nianze na lile ambalo wengi wenu vijana mnalisahau mkiwa mmekasirikia kampuni za nje: sheria ya hapa nyumbani ni kali kuliko kanuni ya Steam. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta. Faini inaanzia shilingi milioni 20 na kifungo kinaanzia miaka 7, na maudhui yakiwa ya kuchochea ashiki au machafu, faini inaanzia milioni 30 na kifungo miaka 10. Kuna pia kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu machapisho machafu, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Tukio mlilonieleza, kioo cheusi na maneno machache, haliko hata karibu na ponografia. Lakini someni upya hayo maneno machache. Kama yanaeleza maumivu ya mama huyo na si mwili wake, mko salama na pia mmeandika vizuri zaidi. Mpelekeeni mtu wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au mshauri nasaha anayehudumia waathirika, ayasome. Maoni yake yawekeni kwa maandishi. Siku ikitokea mtu amewashtaki, karatasi hiyo inaonesha nia yenu ilikuwa nini.

Halafu rekebisheni alama. Msiondoe 18+. Kuficha ni kosa, na mkigundulika mtafungiwa akaunti kabisa. Ila kama duka linatoa nafasi ya kueleza aina ya maudhui, andikeni kwa usahihi kwamba kuna ukatili wa majumbani na ukatili wa kingono unaotajwa bila kuonyeshwa, na kwamba hakuna picha za ngono. Nimeona watengenezaji wakibofya kisanduku cha ngono kwa sababu tu ndicho kilichokuwa juu kabisa kwenye orodha.

Lile la magemu ya bure nililokuambia uliweke akilini: yalirudi kwanza kwa sababu hakuna kadi inayopita. Toeni sura ya kwanza bure kwenye maduka mawili au matatu tofauti, iwe ndiyo tangazo lenu, na sura zilizobaki ziuzwe penginepo. GOG, duka la magemu la Poland, kwa mfano, Agosti hiyohiyo ya 2025 iligawa bure magemu 13 ya watu wazima kupinga uondoaji ule, kwa hiyo mjue si kila duka lina msimamo mmoja. Kwa wanunuzi wa Tanzania kadi hamzihitaji kabisa. Chukueni Lipa Namba kwa jina la biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mnunuzi alipe kwa simu, mumtumie faili. Gemu la dola tatu ni kama bei ya chipsi kuku. Kijana wa Arusha atalipa kama sura ya kwanza imemshika. Hakikisheni umri kwa namna ya kweli kabla ya kuuza, na mapato yaingie kwenye hesabu za TRA. Na mkishapata njia yenu wenyewe ya kupokea pesa, mwachilieni huyo binamu wa Nairobi, maana siku akaunti yake ikifungwa kwa ajili ya gemu lenu, yeye ndiye atakayeitwa kujieleza.

Kazi yenu isajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Programu za kompyuta zinalindwa na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, na cheti kitawasaidia mkikuta mtu amelichukua gemu lililofichwa akaliuza kwa jina lake. Tunzeni nakala zote, pamoja na anwani za wanunuzi walioridhia kupokea habari zenu.

Mjomba mpeni gemu alicheze. Sisemi hivyo ili abadilike. Huenda atabaki na msimamo wake, na ana haki hiyo. Lakini anawatumikia wanawake ambao gemu hilo linawahusu, na atawaambia kama mmemchora mama huyo kwa haki kuliko mimi nitakavyoweza.

Mwisho, waandikieni duka. Msiandike malalamiko ya kurasa nne. Andikeni kwa adabu mkiuliza mambo matatu: ni kanuni ipi, kwa namba yake, gemu lenu linadaiwa kukiuka, ni sehemu gani ya gemu inayokiuka, na likirekebishwa, nani atalikagua na kwa muda gani. Ambatanisheni picha ya ile sehemu ya kioo cheusi na maneno yake yote, ili anayesoma asilazimike kucheza gemu zima kuyafikia. Wakijibu, mtajua la kurekebisha. Wasipojibu ndani ya mwezi mmoja, nileteeni nakala hapa Arusha na mkataba mliobofya kuukubali siku mlipofungua akaunti, maana kama kuna pa kuwabana, ni kwenye vifungu vya mkataba huo vinavyohusu notisi na malipo ya mauzo ambayo tayari yalikuwa yamefanyika.